Kware kwa Ploti: Mchanuo ya Msee Anaanza

Taja kware kwa base yoyote Nairobi na lazima kuna msee ataguna. Ataguna ju anakumbuka 2013. Huo mwaka yai moja ya kware, kadogo hivi na madoadoa zake, ilifika hadi soo. Watu walitoa akiba za chama, wengine wakakopa, kila mtu anasaka ndege na inkubeta. Kufika 2014, yai hio hio ilikuwa inazungushwa chini ya ashu na bado mteja hapatikani. Wasee walichomeka vibaya, na jina ya kware ikachafuka hadi leo.

Mimi nadai tuibonge upya, na tuibonge poa, ju ndege haikukosea mtu. Kenye kilianguka ni biashara ya watu kuuziana ndoto. Kware yenyewe imebaki venye imekuwanga: inadishi kidogo, inakaa kwa nafasi kidogo, inataga mapema, na inaeza ishi kwa balkoni ya Umoja ama nyuma ya nyumba Rongai bila kusumbua mtu. Kwa mbogi yetu, sisi wa kuishi ploti bila hata futi kumi za shamba, hio si kitu ndogo. Lakini ingia ukijua unaingia wapi. Fuga kware ju ya sahani yako, na ju ya mteja mwenye unamjua kwa sura. Ukifuga ju ya story ya kuomoka haraka, utachomeka venye wasee wa 2013 walichomeka.

2013 ilienda aje

Shika hii hesabu vizuri, ju bila hio utaamini msee yeyote atakuletea bei tamu.

Yai ya kware inaanguliwa kwa siku 17 ama 18. Kifaranga akifika wiki ya 6 ama ya 7, anaanza kutaga zake. So kutoka yai hadi yai ni miezi miwili hivi. Jike moja akilishwa poa anatoa mayai 250 hadi 300 kwa mwaka. Sasa chukua mtaa wenye kila msee amenunua inkubeta, wote wameanza mwezi mmoja, wote wanaangua. Kabla mwaka iishe, hio mtaa iko na mayai mingi kushinda midomo.

Na yai ya soo haikuwa ya kukaanga, ilikuwa ya kuangua. Mteja wa mfugaji alikuwa ni mfugaji mwingine mpya, na huyo mpya naye alikuwa anangoja mpya mwingine amkujie. Karibu hakuna mtu alikuwa amejiuliza nani hasa ataketi mezani akule hizi vitu. Ndege zilizaana haraka kushinda venye wafugaji wapya walikuwa wanapatikana. Siku wapya waliisha, bei nayo ikaisha.

Moto ilichochewa na story za dawa. Watu waliambiwa yai ya kware inatibu kisukari, presha, pumu, hadi ukimwi. Wacha niseme wazi, ju hapa kuna maisha ya watu: haitibu. Ni chakula safi, iko na protini kitu asilimia 13, sawa tu na yai ya kuku, iko na madini ya chuma na vitamini B12. Mathee yako ako na presha? Mpikie hizo mayai kwa upendo, lakini dawa za daktari aendelee kumeza. Msee akikuuzia yai kwa bei ya dawa, anakuuzia uongo, na wewe usiwahi muuzia mtu hivyo.

Hii ndege ni gani

Watu wa Nyanza na Western hawakungoja 2013 ndio wajue kware. Wajaluo huiita aluru, Waluhya huiita isindu. Siaya kuna ujuzi wa kitambo wa kuitega: mtegaji anaweka kware za kuita kwa vikapu za kusuka, anazitundika kwa mti mrefu, na zikianza kuimba, zile za pori zinashuka zikidhani zimepata wenzao, zinaingia mtegoni. Kwa hizo familia, nyama ya kware imekuwa mboga ya heshima miaka mingi.

Hio ya pori si ile utauziwa. Ya kufugwa ni kware ya Japan. Huko walianza kuifuga karne nyingi zilizopita ju ya sauti ya madume, na ni karne ya 20 ndio wakaanza kuichagua ju ya mayai na nyama. Ndege ya kuzaana haraka hivyo kwa nafasi ndogo haikuwapita wanasayansi: mwaka wa 1990 vifaranga vya kware vilianguliwa angani, ndani ya stesheni ya Mir ya Wasovieti. Ka kware ilianguliwa huko, ploti yako haiwezi ishinda.

Mkubwa wake ana gramu 120 hadi 180. Kwa siku anakula gramu 20 hadi 25 ya chakula. Yai yake ni gramu 10 hadi 12, so mayai tano za kware ni karibu yai moja ya kuku.

Sheria kwanza, waya baadaye

Wengi huruka hii. Kware Kenya iko chini ya KWS, lile shirika la wanyamapori, ju kwa sheria inahesabiwa ndege ya porini hata ka imezaliwa kwa inkubeta. Kufuga kunataka leseni. Kabla utoe ganji ya ndege, ingia ofisi ya KWS ya karibu, ulizia wanadai nini saa hii na ni pesa ngapi. Na ununue kwa mfugaji mwenye ako na leseni yake mwenyewe. Kutega za pori ndio uanze nazo ni kujitafutia ngori, na tena haziwezi kutaga venye hizi za kufugwa zinataga.

Ukitoka hapo, ongea na mwenye ploti. Usimfiche. Mwendee na heshima: "Shikamoo mzae, ninaomba kuweka ndege kadhaa ndogo huko juu, hazina kelele, na kila jioni mimi ndio nitasafisha." Mwambie idadi. Mwambie utaweka wapi. Majirani wa ukuta mmoja pia wajulishe, na wiki ya kwanza mayai zikitoka, wapelekee kadhaa. Mtu amekula yai yako si rahisi akuchomee kwa mwenye ploti ju ya harufu kidogo.

Hapa kuna siri yenye itakusaidia sana: ka unadai mayai ya kula na kuuza tu, hauhitaji dume. Jike anataga bila dume. Kelele yote ya kware ni ya madume, na wanaeza ita hata saa nane usiku. Majike wako na kasauti kadogo tu. Chukua majike peke yake na ploti yote italala.

Hesabu ya ndege 20

Tuseme umeanza na majike 20. Wakila gramu 25 kila mmoja, ni nusu kilo kwa siku, kilo 15 kwa mwezi. Wakitaga poa, 20 wanakupea kitu mayai 16 kwa siku, ju si wote hutaga kila siku. Kwa mwezi hio ni 480.

Tuseme tena chakula ni 70 kwa kilo. Kilo 15 ni 1,050. Gawanya kwa mayai 480, unapata kila yai imekula shilingi mbili na senti kadhaa. Ukimuuzia msee wa mayai boilo kwa saba, mwezi unaingiza 3,360, toa chakula, unabaki na 2,310. Hapo bado hujatoa stima, vumbi ya mbao, na ndege yenye inaeza dedi. Weka bei ya kwenu kwa hio hesabu, na uifanye na biro kabla ya kutoa hata shilingi.

Umeona? Hio ni bando, tokeni za stima na mboga ya siku kadhaa, pesa yenye inaingia kila wiki na haiombi ruhusa ya mtu. Lakini haiwezi lipa nyumba. Msee akikushow kware 20 zitakutoa mtaani, muulize akuandikie hii hesabu.

Na kuna ukweli mwingine wenye wafugaji hawasemangi. Kuku hula kama gramu 120 ndio atoe yai ya gramu 55 hadi 60. Kware, kutoa mayai tano zenye uzito huo huo, zitakula zaidi ya gramu 150. Kwa chakula pekee, kuku anashinda. So usijaribu kushindana na kuku kwa bei. Kware inashinda kwa nafasi, kwa mwendo, na kwa kimya yake: kuku wa mayai atakungojesha miezi minne unusu hadi mitano, kware wiki 6 ama 7. Bei yako lazima ipite ya kuku kwa uzito, na mteja lazima awe anataka kware, si yai tu.

Keja ya ndege

Kwa hao 20, kizimba cha futi 3 kwa futi 2 kinatosha. Kila ndege inapata kitu sentimita mraba 280, na wengi huweka 200 tu. Usibane. Ndege zikibanwa zinang'oana manyoya hadi damu.

Urefu wake ndio watu hukosea. Kware akishtuka huruka juu wima, na kichwa kikigonga waya anaeza vunjika shingo. Paa ya kizimba iwe chini sana, inchi 10 hivi kutoka sakafu, asipate nafasi ya kuchukua kasi. Ka umeiweka juu zaidi, tandika gunia ama neti laini badala ya waya.

Waya chukua ile ngumu ya mashimo madogo, mafundi huita kofi trei. Ile ya kawaida ya kuku ina mashimo makubwa, panya anapita na kichwa cha kware kinatoka nje, paka anangoja hapo. Kamukunji kwa jua kali utapata fundi wa kukuchomelea, na ka pesa imebana, vipande vya mbao kutoka kwa wasee wa fanicha na misumari zinatosha. Sakafu iinamishe kidogo mbele ndio yai itoke yenyewe. Chini weka trei ya kushika mavi. Kona moja ya sakafu funika na kibao, ju miguu ikikaa kwa waya siku nzima inaumia.

Hapo kwa kibao weka kadishi ka mchanga mkavu, changanya na majivu kidogo ya jiko. Kware huoga vumbi. Inajitoa chawa hivyo, na ni haki yake. Ukiinyima, utaiona inajaribu kuoga kwa chakula na kuimwaga yote.

Mahali: pakavu, pasipo upepo wa moja kwa moja, pasipo jua ya mchana kugonga. Juu ya ploti chini ya mabati matupu kuna joto ya kuua. Weka dari ya kadibodi ama gunia. Fungia usiku. Paka, panya na kunguru watakuwa wamejua hio kizimba kabla majirani wajue, na ukiwa huko Kitengela ama Rongai, weka miguu ya kizimba kwa mikebe ya maji ndio siafu wasipande.

Mavi ya kware ni kali na inanuka amonia haraka. Toa trei kila siku ama siku mbili, nyunyiza vumbi ya mbao. Usitupe kwa mtaro. Iweke kwa gunia na majani makavu ioze miezi miwili mitatu, kisha itie kwa yale magunia ya sukuma. Ukiiweka mbichi itachoma mimea.

Kununua ndege

Msee anaanza asianze na vifaranga. Chukua majike wa wiki 5 hadi 6, wako na manyoya yote, hawahitaji joto ya balbu, na karibu wanataga. Watakugharimu zaidi kwa kichwa lakini utalala usingizi.

Kuanzia wiki ya 3 unaeza jua jike na dume kwa kifua. Dume kifua chake ni rangi ya kutu, safi, bila madoa. Jike kifua chake ni hudhurungi hafifu na madoa meusi. Kwa zile nyeupe hii haisaidii. Hapo fundi hufinya taratibu chini ya mkia, na dume amekomaa hutoa povu nyeupe.

Shika kila ndege mkononi. Macho yawe wazi na yanang'aa, pua kavu, miguu imenyooka, nyuma pasafi bila mavi imeganda. Yenye imesimama kona imejikunja na imefunga macho, iwache, hata ka ni ya bure. Beba kwa kaboksi yenye umetoboa matundu, si karatasi ya plastiki. Na ukipanda mathree, ishike kwa magoti, usiiweke chini ya kiti karibu na injini.

Wakifika, siku kadhaa wanaeza gomea kutaga. Safari imewachosha. Wape maji, chakula, kimya, na usiite mbogi yote kuja kuwacheki.

Dishi na maji

Kware anadai protini kushinda kuku. Vifaranga wanataka chakula ya asilimia 24 hadi 26, na wenye wanataga karibu asilimia 20. Ile ya leyas kwa agroveti mara nyingi iko chini ya hapo. Njia rahisi ya mtaani: saga omena kavu, isiyo na chumvi wala mchanga, changanya gramu 100 ya omena kwa kila gramu 900 ya leyas. Leyas tayari iko na chokaa ya kutosha ganda la yai. Ka unaona maganda laini, ongeza maganda ya mayai uliyokausha na kusaga unga.

Sukuma na terere kidogo za kukatakata zinabamba sana. Lakini kuna vitu usipeane kabisa. Avokado ni sumu kwa ndege, hata ganda lake. Mabaki ya chumvi, chipo na mafuta, weka mbali. Na unga ama mahindi yenye imeota ukungu, tupa. Hio ukungu huwa na aflatoksini, ile ile iliua watu zaidi ya mia moja huko Ukambani mwaka wa 2004. Kitu hauwezi pikia mtoto, usimpe ndege yenye mtoto atakula mayai zake.

Maji iwe safi kila asubuhi na kila jioni. Kware bila maji kwa siku moja ya joto anaeza wacha kutaga wiki nzima.

Mwanga na mayai

Wengi hushangaa: ndege ni nono, zinakula, mayai hakuna. Mara nyingi shida ni mwanga. Jike wa kware anataka mwanga masaa 14 hadi 16 kwa siku ndio mwili wake uendelee kutaga. Sisi tuko karibu na ikweta, jua inatupea masaa 12 mwaka mzima, haiongezi wala haipunguzi. So ongeza. Kabalbu kadogo ka wati 3 kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa tatu unusu usiku kanatosha, na stima yake hauwezi hata isikia. Washa na uzime saa ile ile kila siku.

Kitu ingine poa kwa wenye wanatoka job jioni: kware hutaga mchana ukielekea kuisha na jioni, si asubuhi. Ukirudi keja ndio mayai ziko. Zikusanye usiku, weka mahali pa baridi. Na baada ya wiki kadhaa utaanza kujua mayai ni za nani, ju kila jike ana chata yake: mmoja madoa makubwa, mwingine vidoti kama pilipili manga, mwingine karibu bluu. Siku chata moja ikikosa, unajua ni nani wa kuangalia.

Jike hutaga poa zaidi mwaka wake wa kwanza. Baada ya hapo mayai zinapungua, na ndege yenyewe huishi miaka miwili mitatu. Jipange mapema ka utamla ama utamweka. Usimwache azeeke kwa kizimba bila mpango.

Ikiugua

Usiwahi changanya kware na kuku, wala usiweke karibu. Kuku anaeza beba ugonjwa bila kuonyesha, kware akaugua. Dalili za kuogopa ni mavi ya majimaji, manyoya kuvimba, kupiga chafya, ama ndege mbili tatu kudedi kwa siku moja bila sababu. Hapo tenga wagonjwa, usiuze yai wala nyama, na mwite daktari wa mifugo. Usikimbilie agroveti kununua antibiotiki ya kubahatisha. Ikishaingia kwa ndege inaingia kwa yai, na yai inaingia kwa mtoto wa jirani.

Wewe mwenyewe osha mikono na sabuni kila ukitoka kwa kizimba. Salmonela haijui ka wewe ni rafiki wa ndege. Na kizimba isikae jikoni, hata ka keja ni ndogo.

Ukitaka kuangua

Hii ngoja hadi ukae na hao 20 miezi kadhaa na uone mteja anarudi. Ikifika, leta dume mmoja kwa majike watatu ama wanne. Kware wa kufugwa karibu wote wamesahau kuatamia, so lazima inkubeta: joto digrii 37.5 hadi 37.8, mayai yasiyozidi wiki moja, geuza mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 14, kisha wacha, na uongeze unyevu siku za mwisho.

Kifaranga anatoka na gramu 6 hadi 8. Wiki ya kwanza anataka digrii 35 hadi 37 chini ya balbu, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Waangalie wao kushinda kipimajoto: wakirundikana chini ya balbu, baridi, wakikimbilia kona, joto, wakitawanyika wakila, fiti. Usiwatandikie gazeti laini, miguu inateleza na kuachana. Tandika kitambaa chenye kinakwaruza. Na weka vijiwe kwa chombo cha maji, ju kifaranga wa kware anaeza zama kwa maji ya nusu inchi. Dume usimrudishe kwa dada zake vizazi na vizazi. Badilishana na mfugaji mwingine, ama utaanza kuona mayai haziangui na vifaranga dhaifu.

Sahani na mteja

Tunarudi kwa kitu yenye 2013 walisahau: nani atakula?

Anza na wewe. Maji ikichemka, tumbukiza mayai dakika nne, toa, weka kwa maji baridi, menya ganda taratibu. Kachumbari, pilipili, limau. Kwa wali ya nazi ama kwa githeri, tatu nne juu, na mtoto mwenye alikuwa anachezea chakula atamaliza. Nyama yake ya wiki 5 hadi 7 ni ndogo lakini laini. Itie kitunguu saumu, tangawizi na chumvi usiku, asubuhi ipige makaa dakika chache. Familia yenye inakula mayai kadhaa kila siku kutoka kwa balkoni yake imeshapata faida, hata kabla kuuza moja.

Mteja wa pili ni msee wa mayai boilo na smoki pasua hapo steji. Mfundishe: mayai tano kwa kijiti, kachumbari juu, anauza tofauti na wenzake wote wa hio barabara. Mteja wa tatu ni mama wa kibanda, na wa nne ni wale wa kupika sherehe mtaani, ju sahani ya mayai madogo inapendeza kwa meza. Wape wote bei moja na siku ile ile kila wiki. Wasee hurudi kwa mtu hawabahatishi.

Na ka biashara inakua, usikimbie kuongeza ndege. Ongeza mteja kwanza, ndege zifuate. Hio peke yake ndio ingeokoa watu 2013.

Kwa hio Jumamosi hii, usiende kununua kizimba. Chukua kitabu na biro, zunguka mtaani. Uliza msee wa boilo angechukua ngapi kwa siku na kwa bei gani. Uliza mama wa kibanda. Uliza kwenu ka watakula. Andika majina na idadi. Idadi ikifika mayai 16 kwa siku, nenda KWS, kisha ongea na mwenye ploti, kisha ita fundi. Ikikosa kufika, tulia, endelea kutafuta watu. Kware ziko tu, na ganji yako itakuwa bado iko mfukoni.